Lengo la Msimu Mmoja: Hotuba kwa Wachezaji Wapya wa Gofu

Mheshimiwa mwenyekiti wa klabu, nahodha wetu wa wanaume na nahodha wetu wa wanawake, walimu wenzangu, makedi mliokubali kuacha kazi kwa saa moja ili mkae nasi, na ninyi wachezaji wapya ambao kwa ajili yenu tumekutana asubuhi hii: nawasalimu kwa heshima, na nashukuru kupewa nafasi hii ya kuzungumza mbele yenu.

Nimeombwa nieleze jinsi mchezaji anayeanza anavyoweza kujiwekea malengo ya kuboresha mchezo wake. Ni jambo linalonigusa kwa njia mbili. Kwanza, nilibeba mikoba ya wachezaji katika viwanja vya pwani hii kwa miaka kumi na miwili kabla sijawa na fimbo zangu mwenyewe, na kedi huona mengi ambayo mchezaji hayaoni, kwa kuwa hutembea nyuma yake juma baada ya juma na hujua kila mpira ulipoangukia. Pili, nilipoanza kucheza mimi mwenyewe, nilipoteza miaka miwili mizima kwa sababu ya malengo niliyojiwekea vibaya, na nisingependa hata mmoja wenu aipoteze miaka yake kwa njia ile.

Kila mwanzo wa mwaka, pale tunapopigia mpira wa kwanza wa shimo la kwanza, nilikuwa nikiyasikia maneno yaleyale. Mmoja alisema mwaka huu lazima ashuke chini ya mikwaju mia moja katika mzunguko wa mashimo kumi na manane, mwingine akasema atapiga mpira mita mia mbili, na wa tatu akaapa kwamba atamshinda shemeji yake kabla ya mfungo wa Ramadhani. Hayo yote ni matamanio halali, wala simlaumu mtu kwa kuwa nayo. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia mtu afanye nini kesho asubuhi atakaposimama mbele ya mpira, na ndiyo maana ifikapo Desemba niliwabebea watu walewale mikoba ileile, nao wakarudia kiapo kilekile kwa mwaka uliofuata.

Rai yangu kwenu ni kwamba lengo la mchezaji mpya liwe tendo ambalo yeye mwenyewe anaweza kulifanya na kulihesabu, lihusu mahali ambapo mikwaju yake inapotea kweli, na lishikwe kwa msimu mzima bila kubadilishwa. Jumla ya mikwaju kwenye kadi ni habari inayokuja baadaye. Tuiandike, tuitunze, lakini tusiifanye kuwa kazi yetu ya kila siku.

Huenda wengine wenu mmesoma katika masomo ya uongozi kwamba lengo lililo wazi na gumu kiasi humfanya mtu afanikiwe zaidi kuliko kuambiwa tu ajitahidi awezavyo. Maneno hayo ni ya kweli, na wataalamu Edwin Locke na Gary Latham waliyathibitisha kwa utafiti wa miaka mingi katika kazi za aina nyingi. Lakini kuna sharti ambalo husahaulika. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Ruth Kanfer na Phillip Ackerman, walichapisha matokeo ya utafiti waliowafanyia vijana walioandikishwa katika jeshi la anga, ambao walifundishwa kazi ya mfano ya kuongoza ndege zinazotua. Vijana waliopewa lengo la idadi mapema, wakiwa bado wanaielewa kazi yenyewe, walivurugika. Waliopewa lengo baada ya kuizoea walifaidika nalo. Sababu yake haina fumbo: mtu anayejifunza jambo gumu hutumia akili yake yote katika kulielewa, na ukimpa tarakimu ya kuifukuzia unamnyang'anya sehemu ya akili hiyo.

Gofu ni jambo gumu la namna hiyohiyo. Mchezaji mpya anafikiria mikono ilivyoshika fimbo, miguu ilivyosimama, mabega yanaelekea wapi, mpira umelala juu ya nyasi za namna gani, upepo unavuma kutoka wapi, na watu wangapi wanamtazama. Mtu huyo akiongeza kichwani hesabu ya kwamba amebakiwa na mikwaju kumi na sita ili ashuke chini ya mia, hesabu hiyo humpandia mikononi. Nimewaona watu wakicheza mashimo kumi na manne kwa utulivu mzuri, kisha mwenzao akawatajia jumla yao, na manne yaliyobaki yakaharibika yote.

Naomba tuliangalie na lengo la umbali, kwa maana ndilo linalopendwa zaidi na vijana. Tuseme umeamua kwamba fimbo yako ya chuma namba saba iufikishe mpira mita 150. Kwa mujibu wa kanuni, mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na kitu chepesi kiasi hicho kikishapanda juu ya minazi ya huku kwetu hakiko tena mikononi mwa mpigaji peke yake. Mwezi wa Julai, kusi ikiwa imekaza, shimo linaloelekea kusini litakudai fimbo moja au mbili ndefu kuliko ile uliyoitumia Februari, wakati kaskazi ilipokuwa ikikusukuma mgongoni. Kwa hiyo mchezaji yuleyule, kwa mkwaju uleule, ataandika Februari kwamba amefaulu na Julai kwamba ameshindwa, na maandishi yote mawili hayatakuwa yamemwambia lolote la kweli kuhusu mchezo wake.

Basi mikwaju inapotea wapi? Hili ndilo swali ambalo wachezaji wengi hujijibia kwa hisia, na hisia hukumbuka lile lililouma zaidi. Mpira uliotumbukia majini mbele ya wageni utakumbukwa mwezi mzima, ilhali misukumo mitatu kwenye grini, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, iliyopita kimyakimya mara saba katika mzunguko mmoja, itasahaulika kabla ya chai. Kwa hiyo nawaomba, kabla hamjaweka lengo lolote, mcheze mizunguko minne mkiwa na penseli inayofanya kazi mbili. Mbali na kuandika idadi ya mikwaju, tieni alama pembeni mwa kadi: nukta kwa kila msukumo kwenye grini, msalaba kwa kila adhabu ya mpira uliopotea au uliotoka nje ya mpaka au ulioingia majini, na mstari kwa kila mkwaju uliokusudiwa kwenda mbali lakini haukufika hata hatua ishirini. Mtakaoingia kwenye mchanga na kushindwa kutoka mara ya kwanza, tieni na duara. Alama hizo nne zinatosha kabisa, na anayetaka kuandika zaidi ya hapo huacha kuandika baada ya juma moja.

Nitawaeleza yaliyonipata mimi. Katika miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa nimeapa kushuka chini ya 90, nami nilikuwa nikizunguka katika mikwaju 104 hivi, na kila Jumamosi nilimaliza kapu zima la mipira kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kwa sababu niliamini kwamba kasoro yangu ni nguvu. Siku moja mzee mmoja niliyekuwa namheshimu sana aliniuliza nimesukuma mara ngapi kwenye grini siku ile, nikakosa la kumjibu. Nilianza kutia nukta. Baada ya mizunguko minne nilikuta kwamba kwa wastani nasukuma mara 41, na kwamba katika mashimo saba kati ya kumi na manane nasukuma mara tatu. Hesabu ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, humpa mchezaji misukumo miwili kwa kila grini, yaani 36 kwa mzunguko mzima. Nilipotazama kwa makini zaidi niliona kwamba sikuwa nakosa misukumo ya karibu. Msukumo wangu wa kwanza ndio uliokuwa ukisimama hatua tatu kabla ya shimo au hatua tatu baada yake, na kutoka hapo nilijilaumu kila mara kwa kukosa.

Kujilaumu huko hakukuwa na msingi. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 tu, na hata wachezaji wa kulipwa wa ngazi ya juu kabisa nchini Marekani, wakiwa umbali wa mita mbili na nusu hivi kutoka kwenye shimo, hufaulu takriban mara moja katika kila misukumo miwili. Mimi niliyekuwa nikicheza mara moja kwa juma nilijidai kila mara kitu ambacho mabingwa hukipata nusu ya mara. Niliacha kufanya mazoezi ya kutumbukiza kutoka umbali ule, nikajiwekea lengo hili: kutoka hatua kumi, nisukume mipira ishirini, kisha nihesabu ni mingapi imesimama ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye shimo. Siku ya kwanza ilikuwa saba. Nilifanya hivyo mara tatu kwa juma tangu kusi ilipoanza hadi ilipotulia, na mwishoni nilikuwa nafikisha kumi na tatu, wakati mwingine kumi na nne. Yale mashimo saba ya misukumo mitatu yakabaki mawili au matatu. Kadi zangu zikashuka hadi katikati ya tisini, na mwaka uliofuata nikashuka chini ya 90 siku ambayo sikuwa nimehesabu chochote hadi tulipoketi kujumlisha.

Tafadhali msilichukue lengo langu na kulifanya lenu. Katika vilabu vingi utaambiwa kwamba mchezo wote uko kwenye grini, nami nilisadiki hivyo kwa muda kwa sababu ya hayo yaliyonifaa. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York alikusanya na kuchambua takwimu nyingi sana za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, akaonyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na mchezaji dhaifu hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka mbali, kuanzia mita tisini hivi na zaidi. Mimi naliona jambo hilo kwa wachezaji wapya kila Jumamosi. Wengi wao hawajafikia hata hatua ya kuhangaishwa na misukumo mitatu, kwa kuwa mipira yao imeshapotea vichakani au imebaki hatua tano mbele yao baada ya fimbo kugonga ardhi kabla ya kuugusa mpira.

Mtu ambaye kadi yake imejaa misalaba anahitaji lengo la namna nyingine kabisa. Uwanja wa kawaida wa mashimo kumi na manane huwa na mashimo manne mafupi, na katika yale kumi na manne yanayobaki ndiko draiva hutolewa mkobani. Mtu huyo aandike hivi: katika mikwaju yangu kumi na minne ya kuanzia, ni mingapi imeacha mpira mahali ninapoweza kuuona na kuupiga tena? Asiandike umbali wala uzuri wake. Ikiwa leo ni sita, alenge kumi ifikapo mwisho wa msimu, na ikiwa atalazimika kuiacha draiva nyumbani na kuanzia kwa fimbo fupi ili afike huko, na aiache bila aibu. Naye ambaye kadi yake imejaa mistari, yaani mikwaju isiyofika hatua ishirini, lengo lake linaweza kuwa kuugusa mpira kwanza na ardhi baadaye. Achore mstari kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi, aweke mpira juu ya mstari huo, na ahesabu ni mara ngapi kati ya ishirini nyasi zimekatika mbele ya mstari badala ya nyuma yake. Hilo ni tendo linaloonekana kwa macho, halihitaji mashine wala kamera.

Sasa niseme kuhusu handikapu, yaani namba inayoonyesha mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, kwa maana naona inawatisha wengi wenu, na kuna ambao wamekataa kabisa kutoa kadi zao wakisubiri kwanza wawe wachezaji. Tangu mwaka 2020 dunia imekuwa na mfumo mmoja wa handikapu, na mfumo huo umeandaliwa ukimkumbuka mtu anayeanza. Ili kupata handikapu unahitaji kadi za mashimo 54 tu, ambazo ni mizunguko mitatu kamili au mizunguko sita ya mashimo tisa. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0, kwa wanawake na wanaume sawasawa. Namba hiyo, kwa uwanja wa kawaida, maana yake ni kwamba umeongezewa karibu mikwaju mitatu katika kila shimo. Shimo ambalo kiwango chake ni mikwaju minne, kwako wewe ni saba. Ukiingiza mpira kwa mkwaju wa saba umelicheza vile unavyotarajiwa, na una haki ya kufurahi kama anavyofurahi bingwa anayeingiza kwa mkwaju wa nne.

Ukiitazama handikapu hivyo, safari ndefu hugawanyika yenyewe. Katika uwanja ambao kiwango chake ni 72, mtu mwenye mikwaju mitatu ya nyongeza kwa kila shimo anamaliza kwa 126. Akipunguza mkwaju mmoja tu katika kila shimo anafika 108, na akipunguza mwingine anafika 90, ile tarakimu ambayo watu huiapia kila Januari kana kwamba iko ng'ambo ya bahari. Mkwaju mmoja kwa shimo ni jambo ambalo mtu anaweza kulitafuta kwa macho na kuliona lilipo: adhabu moja iliyoepukika, msukumo mmoja wa tatu, mpira mmoja uliotoka kwenye mchanga mara ya kwanza.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu mfumo huu ambayo napenda myajue, kwa kuwa yatawaondolea uchungu usio wa lazima. La kwanza ni kwamba handikapu ikishakomaa hukokotolewa kutokana na mizunguko minane bora kati ya ishirini ya mwisho. Kwa hiyo namba yako inaeleza siku zako njema, na siku nyingi za kawaida utacheza vibaya kuliko namba hiyo. Asikwambie mtu kwamba umeporomoka. La pili ni kwamba shimo moja lililoharibika haliwezi kuzamisha kadi nzima. Mchezaji ambaye bado hana handikapu, kwa hesabu ya kuitafuta handikapu hiyo, haandikiwi zaidi ya mikwaju mitano juu ya kiwango cha shimo. Ukishafika hapo, okota mpira wako kwa heshima, waache wenzako wamalize, na uende kwenye shimo linalofuata ukiwa mzima.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14 katika mkoba, na nimeona wachezaji wapya wakidhani kwamba kuzijaza zote kumi na nne ni sehemu ya lengo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tano zinatosha kwa msimu wa kwanza: moja ya kuanzia ambayo haikuogopeshi, mbili za chuma, moja ya kutokea mchangani na kuchezea karibu na grini, na ya kusukumia. Mhispania Seve Ballesteros, aliyekuwa kedi utotoni, alijifunza mchezo huu kwenye mchanga wa ufuko wa kijijini kwao Pedreña akiwa na fimbo moja ya chuma namba tatu aliyopewa na kaka yake, na kwa fimbo hiyo moja alilazimika kubuni kila aina ya mkwaju. Mwaka 1978 alikuja kwetu Kenya akashinda mashindano ya Kenya Open. Nawatajia jambo hili hasa ninyi vijana makedi mlioketi nyuma, ambao Jumatatu mnapoachiwa uwanja mnachangia fimbo tatu watu sita na mnadhani kwamba hamjaanza kucheza. Mmeshaanza.

Mazoezi nayo yana ubaya wake, yakifanywa bila lengo. Mchezaji hununua kapu la mipira hamsini, huipiga yote kwa fimbo moja kuelekea upande mmoja kwa dakika ishirini, na ya mwisho kumi huruka vizuri sana, akaenda nyumbani na furaha. Siku inayofuata uwanjani hakuna hata mmoja unaoruka vile. Hii ni kwa sababu uwanjani hakuna mkwaju unaorudiwa. Kila mpira unakuja na umbali wake, mlalo wake na upepo wake. Anayejifunza ujuzi wa mwili kwa kubadilisha kazi mara kwa mara huonekana dhaifu siku ya mazoezi lakini hubakiwa na ujuzi mwingi zaidi siku za mbele. Kwa hiyo mipira kumi ya kwanza iwe ya kupasha mwili joto, na arobaini iliyobaki kila mmoja uwe na shabaha yake na fimbo yake, ukianza upya kila mara: simama nyuma ya mpira, chagua mahali, shika fimbo, panga miguu, piga. Utaratibu huo wenyewe unaweza kuwa lengo la msimu, tena bora kuliko yote kwa mtu ambaye hajui aanzie wapi. Katika mashimo tisa, ni mikwaju mingapi nimeipiga bila kuuruka utaratibu wangu? Hakuna upepo wala mpinzani anayeweza kukunyang'anya namba hiyo.

Wako pia ambao hawawezi kuja hapa zaidi ya mara moja kwa juma, kwa sababu ya kazi, watoto, nauli au ada. Ninawaelewa vizuri. Nusu saa mara tatu inazaa zaidi kuliko saa tatu kwa siku moja, na nusu saa mbili kati ya hizo zinaweza kupatikana nyumbani. Sukuma mpira juu ya mkeka ulionyooshwa na uone kama unafuata ukindu bila kuuvuka. Zungusha fimbo uani bila mpira, polepole, mara thelathini, ukisimama mwishoni hadi uhesabu tatu bila kuyumba. Mama mmoja ninayemfundisha alifanya hivyo kwa miezi mitatu ambayo mtoto wake alikuwa mgonjwa, na aliporudi uwanjani alikuwa amesimama imara kuliko wakati alipoondoka.

Kwa nini nasema msimu mmoja? Sisi watu wa pwani tunajua jinsi ya kuhesabu muda kwa pepo. Majahazi yaliyotoka Arabuni yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyekwisha kutweka tanga hakugeuka katikati ya bahari kwa sababu amesikia kwamba bandari nyingine ina bei nzuri. Mchezaji mpya hugeuka kila baada ya wiki mbili. Ametazama mafunzo kwenye simu, amebadilisha mkono. Ameshauriwa na jirani, amebadilisha msimamo. Ameshindwa Jumapili, amebadilisha lengo. Mwili haupewi nafasi ya kuzoea lolote. Kusi imeanza kuvuma juma hili na itakuwa nasi hadi Septemba, na muda huo ni mrefu wa kutosha kwa tabia moja kuota mizizi, na mfupi wa kutosha kwa mtu kuuona mwisho wake. Naomba tu mkumbuke masika. Mwezi wa Mei nyasi za grini zitakuwa zimelowa na mpira hautabiringika kama utakavyobiringika Agosti, kwa hiyo pembeni mwa kila hesabu andikeni kama nyasi zilikuwa kavu au zimelowa, na mlinganishe kavu kwa kavu.

Lengo linahitaji shahidi, na shahidi bora mnaye tayari. Kedi wako anajua kama ulisimama vizuri, anajua kama ulikwenda kasi, anajua ni fimbo gani inayokuhadaa. Kwa miaka kumi na miwili niliyobeba mikoba, walioniuliza swali moja tu baada ya mzunguko, "Leo nimepoteza wapi?", hawazidi wanane, na wote wanane walisonga mbele. Kabla ya kupiga mpira wa kwanza mwambieni lengo lenu la msimu, mpeni penseli atie alama, na mwishoni msikilizeni hadi amalize. Mkifanya hivyo mtakuwa mmempa pia heshima anayostahili, kwani yeye ni mtu wa fani hii kabla yenu.

Kwa wazazi walioleta watoto nina ombi moja tu, nalo linatoka moyoni. Msiwapangie watoto mikwaju ya kufikisha. Nimemwona mtoto wa miaka kumi na mmoja akificha kadi yake ndani ya soksi ili baba yake asiione. Muulizeni mtoto amejifunza nini, mwacheni awaonyeshe, na mkwaju mmoja alioupiga vizuri msimulieni mama yake nyumbani mbele yake.

Klabu imenunua madaftari madogo yanayoingia mfukoni, na nahodha wa wanawake atayagawa mkitoka hapa. Kurasa nne za mwanzo ni za mizunguko minne ya kuhesabu nukta, misalaba, mistari na duara. Msiandike lengo lolote kabla kurasa hizo hazijajaa. Ukurasa wa tano una mstari mmoja tu. Mkishafika hapo njooni kwangu au kwa mwalimu yeyote, tukae tuusome ushahidi wenu pamoja, na mstari huo tutauandika tukiwa wawili, kwa tendo moja na namba moja. Jumamosi hii tutakutana saa moja kamili asubuhi kwenye grini ya mazoezi, kabla upepo haujapanda. Njooni na fimbo ya kusukumia, mipira miwili na penseli iliyochongwa. Makedi wote wanakaribishwa, na siku hiyo hawatabeba mkoba wa mtu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.